Maswali ya Wasomaji: Hadithi ya Zawadi na Msomaji wa Pili

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja, nalo ni hadithi za mashabiki, yaani zile ambazo wapenzi wa kitabu, filamu au kazi nyingine huzitunga kuhusu wahusika wake, zinazoandikwa na kutolewa kuwa zawadi wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka, na namna ya kuzipendekeza kwa wengine. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu nne zilizobaki zinaiegemea.

SWALI: Mhariri wa safu, salamu. Kila mwisho wa mwaka husoma hadithi za Yuletide, na safari hii nimeziwekea alamisho hadithi 43. Wenzangu katika kikundi chetu cha usomaji wameniomba niwaandalie orodha ya zile ninazozipenda zaidi. Wengi wao hawajawahi kusoma hadithi ya mashabiki hata moja, na kazi asilia ambazo hadithi hizo zimechipuka kutoka kwazo hawazijui. Nimejaribu kuandika mara mbili, na mara zote nimejikuta nikirudia "nzuri sana", "imenigusa", "usiikose", hadi nikaona haya. Nichague vipi, na niandike nini? Mimi, mwenye alamisho nyingi.

JIBU: Ndugu msomaji, haya uliyoiona ni dalili njema, kwa kuwa maneno hayo matatu unaweza kuyabandika juu ya hadithi yoyote duniani na yasimwambie mtu lolote.

Kabla sijaendelea, niwaeleze kidogo wale wasioifahamu Yuletide. Ni shughuli ya kubadilishana hadithi iliyoanza mwaka 2003 na ambayo hufanyika mara moja kila mwaka. Anayejiandikisha hutaja kazi chache ambazo angependa kuandikiwa hadithi yake, pamoja na wahusika anaowataka, na hutaja pia kazi ambazo yeye mwenyewe yuko tayari kuziandikia; kisha hupangiwa mtu wa kumwandikia, bila mtu huyo kujua ni nani anayemwandikia. Hadithi haitakiwi kupungua maneno 1,000. Zote hufunguliwa tarehe 25 Desemba zikiwa hazina majina ya waandishi, na majina hutolewa tarehe 1 Januari. Sharti linaloipa shughuli hii ladha yake ni kwamba kazi zinazokubaliwa ni zile tu ambazo mashabiki hawajaziandikia hadithi nyingi: riwaya iliyosahaulika, tamthilia ya kale, ngano, wimbo, hata tangazo la biashara. Tangu mwaka 2009 hadithi hizo hukaa katika Archive of Our Own, ambayo wengi huifupisha kuwa AO3, maktaba ya mtandaoni isiyo na matangazo wala biashara, inayoendeshwa na watu wa kujitolea chini ya shirika la mashabiki liitwalo Organization for Transformative Works, na ambayo mwaka 2019 ilitunukiwa Tuzo ya Hugo, tuzo maarufu ya hadithi za kubuni za kisayansi na za njozi.

Nimeyataja hayo kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la swali lako. Hadithi ya kawaida huandikwa kwa ajili ya yeyote atakayepita, lakini hadithi ya Yuletide ina mwenyewe. Kuna mtu mmoja aliyeandika barua ya maombi akaeleza anachokipenda na asichokitaka, na kuna mtu mwingine aliyeisoma barua hiyo kwa wiki kadhaa, akamwaza mtu asiyemjua, akamtungia. Wahenga walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini methali hiyo haikuwaza juu ya hadithi iliyoandikiwa mtu mmoja, kuhusu kitabu kilichosomwa na wachache, ikafunguliwa siku moja na mamia ya nyingine. Hapo kizuri hukaa kimya kwenye rafu. Mwandikiwa atakisoma, bila shaka, na atashukuru. Msomaji wa pili ndiye asiyejua kwamba mlango uko wazi. Kazi yako wewe unayependekeza ni kumfikisha huyo msomaji wa pili mlangoni na kumwonyesha pa kukanyagia, na hilo ni tofauti kabisa na kumsifia nyumba.

Tuanze na kuchagua. Usizifungue alamisho zako kwanza. Chukua karatasi tupu uandike zile unazozikumbuka bila kutazama, kila moja na kile unachokikumbuka: sura, sentensi, kitendo, hata kama jina la hadithi limekupotea. Mimi hufanya hivyo katikati ya Januari, na kila mwaka hushangaa. Hadithi niliyoisifu kwa sauti kubwa tarehe 26 Desemba mara nyingi haimo, na badala yake hujitokeza moja niliyoisoma haraka usiku wa manane, nikaiwekea alamisho bila kuiandikia neno. Shangwe ya siku ya kufungua zawadi ni kitu kizuri, ila ni mshauri mbaya. Karatasi yako ikiwa na majina 7 au 8, hiyo inatosha kwa watu wanaoanza. Hizo nyingine 35 au 36 haziozi.

Chujio la pili ni gumu kidogo, nalo linawahusu wenzako wasioijua kazi asilia. Zipo hadithi zinazosimama kwa miguu yao: ukiwa hujui lolote bado utamfahamu mhusika, utajua anataka nini na kwa nini hakipati. Zipo zinazohitaji sentensi mbili za utangulizi, na mpendekezaji mwema huziandika sentensi hizo yeye mwenyewe badala ya kumtuma msomaji akatafute. Na zipo zilizofungwa kabisa, ambazo utamu wake wote uko katika kuona jinsi mwandishi alivyogeuza tukio unalolijua kwa moyo. Hizo za mwisho nazipenda kuliko zote, nakiri, lakini sizipeleki kwa mgeni. Kumpa mtu hadithi ya namna hiyo ni sawa na kumwalika kwenye mazungumzo ya ndugu waliolelewa pamoja. Watacheka, naye atabaki akitabasamu kwa heshima tu.

Sasa kuhusu kuandika. Nitatunga mfano, ili nisimweke mwandishi yeyote njia panda. Katika ngano ya binti wa mfalme aliyelala miaka 100, kama ilivyochapishwa na ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, mwaka 1812, usingizi haumchukui binti peke yake. Jumba zima linalala, hadi moto wa jikoni. Kuna jambo dogo sana pale jikoni: mpishi alikuwa anataka kumvuta kijana wa kazi nywele, akamwachia kwa sababu usingizi umemkuta. Miaka 100 inapita. Jumba linapoamka, mpishi anamzaba kijana kofi, na ngano inaendelea na harusi kana kwamba hakuna lililotokea. Tuseme sasa kwamba mtu aliomba hadithi ya kijana huyo, na mwandishi akamtungia maneno 3,000 yanayosimuliwa na kijana mwenyewe.

Pendekezo la kwanza linasema: "Hadithi tamu ajabu kuhusu mhusika ambaye ngano ilimsahau. Lugha ya kuvutia, mwisho wa kusisimua. Isome!" Hilo ndilo lile unaloliogopa. Pendekezo la pili, ambalo huandikwa na mtu mwenye furaha kupita kiasi, linasema: "Nililia pale mwishoni mpishi alipoamka kabla ya wote, akautazama mkono wake, akaushusha." Aliyeandika hivyo ameisoma hadithi vizuri na ameiharibu papo hapo, maana sasa msomaji atasubiri mkono ushuke badala ya kuuogopa pamoja na kijana.

Pendekezo la tatu linaweza kuwa hivi: "Katika ngano ya binti aliyelala miaka 100, mpishi wa jumba ananyosha mkono kumwadhibu kijana wa jikoni, na usingizi unawakuta hapo hapo. Hadithi hii inasimuliwa na kijana, ambaye anajua kwamba siku dunia itakapoamka, kitu cha kwanza kitakachomfikia ni kofi. Huhitaji kujua zaidi ya hayo. Ni maneno kama 3,000, robo saa ya kusoma. Hakuna mapenzi ndani yake, ila kuna mtoto anayepigwa. Iliandikwa kwa mtu aliyetaka kujua nani alikumbukwa jumba lilipoamka. Mimi nilirudia ukurasa ambamo kijana anavihesabu vyungu vilivyotundikwa ukutani, kwa sababu ndivyo pekee alivyoweza kuviona kutoka pale alipokuwa."

Tazama lilivyofanya. Limempa mgeni sentensi moja ya ngano asilia, na sentensi hiyo inatosha. Limemwambia hadithi inaanzia kwenye wasiwasi gani, bila kumwambia inaishia wapi. Limetaja urefu, jambo ambalo wapendekezaji hulidharau ingawa ndilo linaloamua kama mtu ataisoma leo au ataiahirisha milele. Limemkumbuka mwandikiwa na ombi lake, kwa hiyo msomaji wa pili anaingia akijua kwamba hadithi inajibu swali la mtu. Kisha linakuja lile la vyungu, ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko yote yaliyotangulia. Vyungu haviwezi kubandikwa juu ya hadithi nyingine. Ukikosa kitu cha namna hiyo katika mojawapo ya hadithi zako, kitu ambacho macho yako yalikiona na bado unakiona, huenda hadithi hiyo uliipenda kwa sababu ya kazi asilia tu, na hilo si kosa, ila haimo katika orodha hii.

Neno kuhusu maonyo, kwa kuwa wageni hupotea hapo. AO3 humtaka mwandishi aonyeshe hadithi yake inawafaa watu wa umri gani, na aseme kama ina mojawapo ya mambo manne mazito: ukatili ulioelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, au ngono inayowahusisha wasiotimiza umri. Anaweza kusema kwamba hakuna kati ya hayo. Anaweza pia kusema kwamba ameamua kutotumia maonyo, na kauli hii ya pili wengi huisoma kana kwamba ni ya kwanza. Sivyo. Maana yake ni kwamba lolote laweza kuwemo, ila mwandishi hataki kulitangaza. Kwa hiyo hadithi ya namna hiyo ikiingia katika orodha yako, ni wewe uliyeisoma unayejua kilichomo, na wenzako wanakutegemea. Unaweza kuonya bila kufichua: "kuna msiba ndani yake" ni onyo la kutosha, na halimtaji marehemu.

Mwisho, usizipange kwa kuzipa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Zawadi hazishindanishwi. Tanguliza ile fupi inayosimama yenyewe, ile inayohitaji utangulizi mrefu iwe ya nne au ya tano, wakati msomaji amekwisha kukuamini. Niliwahi kufanya kinyume, nikatanguliza hadithi ya maneno 20,000 inayotegemea riwaya ambayo hakuna mwenzangu aliyekuwa ameiona hata jalada lake, na orodha nzima ikafia hapo.

SWALI: Mhariri, je, ni utovu wa adabu kupendekeza hadithi ya Yuletide kabla ya majina kutolewa? Isitoshe, nina hakika nimemtambua mwandishi wa mojawapo, kwa sababu kuna namna yake ya kufunga mandhari kwa swali ambalo hakuna mhusika anayelijibu. Nimtaje? Mimi, mwenye jicho kali.

JIBU: Kupendekeza si utovu wa adabu hata kidogo. Kati ya tarehe 25 Desemba na tarehe 1 Januari ndipo wasomaji wanapokuwa wengi na wenye njaa, na ni wiki pekee katika mwaka ambapo mwandishi mpya na mkongwe husomwa kwa jicho moja, kwa kuwa wote hawana majina. Pendekezo lako wakati huo lina faida ambayo halitakuwa nayo tena: linasimama juu ya hadithi yenyewe, wala halikopi sifa ya mtu. Waandishi wanaweza hata kuyajibu maoni yako wakiwa bado wamefichwa, kwa hiyo usidhani unazungumza na ukuta.

Kumtaja ni jambo jingine. Ukipatia, umefungua kifurushi cha mtu mwingine mbele ya wageni. Ukikosea, umemvika mtu nguo isiyo yake, na mwandishi wa kweli analazimika kunyamaza huku sifa zikienda kwa jirani. Wapo washiriki wanaopenda mchezo wa kubahatisha, na huucheza wao kwa wao kwa kujua na kukubaliana. Cheza nao huko. Katika orodha ya mapendekezo, jicho lako kali na lipumzike hadi mwaka mpya.

Ila kuna deni ambalo wengi hulisahau. Tarehe 1 Januari ikifika, rudi kwenye orodha yako uongeze jina la mwandishi kando ya kila hadithi. Liandike kama yeye mwenyewe alivyoliandika, yaani lakabu yake, hata kama unalijua jina analoitwa kazini au nyumbani. Wapo wanaotumia lakabu kwa sababu ambazo hawawiwi na mtu kuzieleza.

Na kwa kuwa tumefika hapo: elekeza watu kwenye ukurasa wa hadithi, usiwatumie nakala. AO3 inakuruhusu kupakua hadithi katika muundo wa EPUB, PDF na mingineyo, ili uisome mahali pasipo na mtandao, na hilo ni jema. Lakini faili ikianza kuzunguka kutoka mkono hadi mkono, mwandishi hawezi tena kurekebisha kosa lililomo, hawezi kuiondoa akibadili nia, na maoni ya wanaoisoma hayamfikii. Hadithi ambayo mwandishi ameifunga ili isomwe na wenye akaunti ya AO3 pekee nayo itaje kwamba imefungwa, kisha uishie hapo. Aliyeifunga alikuwa na akili timamu alipoifunga.

SWALI: Je, naruhusiwa kuiweka hadithi yangu mwenyewe katika orodha yangu?

JIBU: Kabla ya tarehe 1 Januari, hapana, kwa sababu utajifichua au utalazimika kusema uongo. Baada ya hapo, ndiyo, mwishoni mwa orodha, ukitamka wazi kwamba ni yako. Kujisifu kwa jina lako wasomaji hukusamehe. Kujisifu ukijifanya mtu mwingine huwa kunasimuliwa miaka mingi.

SWALI: Mhariri mpendwa, niliomba hadithi ya kuchekesha kuhusu dada wawili wa riwaya moja ya zamani. Nimepewa hadithi ndefu ya huzuni ambamo mmoja wao anafariki. Kila ninapopita nakuta watu wakiisifu, na wawili wamekwisha kuniuliza mbona mimi mwenyewe siipendekezi. Sitaki kuonekana mkosefu wa shukrani, lakini kila nikiifungua nasikia uchungu. Nifanyeje? Mimi, mwandikiwa.

JIBU: Pole, na nakuelewa. Ni upweke wa namna yake, kukaa katikati ya karamu uliyoandaliwa wewe na kukosa hamu ya kula.

Tutenganishe mambo mawili ambayo wanaokuuliza wameyafunga kitita kimoja. La kwanza ni shukrani, na hiyo unadaiwa. Washiriki wa Yuletide wana msemo wao kwamba maelezo ya hiari ni ya hiari: mwandishi anabanwa na wahusika ulioomba, na anapaswa kuheshimu yale uliyosema huyataki, lakini hamu yako ya kucheka ilikuwa pendekezo, si sharti. Kama hukuandika kwamba hutaki kifo, hakuna kanuni iliyovunjwa. Kwa hiyo mwachie maoni, na yawe ya kweli. Huhitaji kusema ulifurahi. Tafuta kitu kimoja ambacho unaweza kukisifu bila kujiuma ulimi. Labda jinsi dada wanavyokatizana maneno ni ile ile ya riwaya. Labda kuna barua mmoja anayomwandikia mwenzake ambayo ingekuwa ya kuchekesha kama isingekuwa ya mwisho. Mtajie hicho, mshukuru kwa muda wake, uishie hapo. Maoni ya mistari minne yenye kitu mahususi yatamfaa kuliko aya tatu za sifa za kuzuga, ambazo waandishi huzigundua mara moja.

La pili ni kupendekeza, na hilo hudaiwi na mtu. Anayependekeza anaweka ladha yake rehani, na hakuna anayeweza kukulazimisha uweke rehani kitu usicho nacho. Hata hivyo, kuwa mwandikiwa kunakupa njia ambayo wengine hawana. Katika orodha yako unaweza kutenga mstari mmoja: "Hii iliandikwa kwa ajili yangu. Ni hadithi ya msiba, si ya kicheko, na wanaopenda hadithi za msiba wameikumbatia." Kila neno hapo ni kweli. Msomaji wa pili anayeitafuta hadithi ya namna hiyo ataiona, na wewe hujadanganya.

Ningekushauri pia, ikiwa uchungu utaruhusu, uisome tena baada ya mwezi mmoja au miwili. Sikuahidi kwamba utaipenda. Ila tarehe 25 Desemba ulikuwa unaisoma hadithi mbili kwa pamoja, ile iliyokuwepo na ile uliyoitarajia, na ile ya pili ilikuwa inaipigia kelele ya kwanza. Na mwaka ujao, katika barua yako ya maombi, andika waziwazi kwamba hutaki kifo cha dada yeyote kati ya hao wawili. Hakuna atakayeona ajabu. Waandishi hupenda kujua mpaka uko wapi kabla hawajaanza kulima.

SWALI: Nimeanza kuzisoma hadithi za miaka iliyopita, lakini nikizipanga kwa idadi ya pongezi napata zile zile kubwa ambazo kila mtu amekwisha kuzitaja. Zile zilizojificha nizipate wapi? Mimi, mgeni wa jana.

JIBU: Umekwisha kuligusa tatizo lenyewe. Alama ya pongezi ambayo AO3 huiita kudos, msomaji huitoa mara moja tu kwa kila hadithi, hata kama ameirudia mara kumi. Kwa hiyo idadi yake inakuonyesha watu wangapi walipita wakapendezwa, na haikuonyeshi walipendezwa kiasi gani. Hadithi inayohusu filamu inayojulikana na wengi itapata mamia, na hadithi inayohusu riwaya iliyosahaulika inaweza kuwa na 30, huenda kutoka kwa karibu kila mtu aliyeisoma riwaya hiyo na akabahatika kuiona. Kati ya hizo mbili, mimi ningeanza na ya pili.

Kila mwaka wa Yuletide una mkusanyiko wake katika AO3, na hadithi za kabla ya mwaka 2009, ambazo zamani zilikuwa na makao yao, zilihamishiwa huko baadaye. Fungua mkusanyiko wa mwaka mmoja, uache kabisa kupanga kwa pongezi, na badala yake upitie orodha ya kazi asilia. Utakutana na kitabu ulichokipenda utotoni ukadhani umekisahau peke yako. Kikiwa na hadithi moja tu, basi umeshapata unachokitafuta. Njia nyingine ni kufuata watu: ukipenda hadithi fulani, tazama alamisho ambazo mwandishi wake ameziweka hadharani, hasa zile alizoziandikia maelezo, kwa sababu mwandishi mzuri kwa kawaida ni msomaji mchaguzi.

Usizipuuze zile fupi. Pembeni ya hadithi rasmi kuna mkusanyiko uitwao Yuletide Madness, ambamo watu huweka zawadi za ziada zisizofikia maneno 1,000, zilizoandikwa kwa sababu tu mtu aliiona barua ya maombi ya mwenzake akashindwa kujizuia. Humo mna michoro ya kalamu ya haraka ambayo haina nafasi ya kuchosha. Na ukimaliza zote, jambo ambalo sidhani litatokea karibuni, kuna shughuli nyingine zinazofuata mtindo huo huo kwa sikukuu nyingine: Chocolate Box hufanyika wakati wa Siku ya Wapendanao, Purimgifts wakati wa Purim, sikukuu ya Wayahudi.

Jambo moja zaidi. Usiogope kuacha maoni kwenye hadithi kwa sababu ni ya zamani. Mwandishi akiwa bado na akaunti yake, kwa kawaida taarifa humfikia. Nilimwandikia mmoja kuhusu hadithi yake ya mwaka 2012, nikidhani nazungumza na nyumba iliyohamwa, na kesho yake nikapata jibu la sentensi moja. Alikuwa anauliza kama kitabu chenyewe nilikuwa nimekisoma, na kama namfahamu mwingine yeyote aliyekisoma.